Volkswagen ya 1967 inapata moto gurudumu la mbele baada ya kukarabati breki: beringi zibanwe kabisa au ziachiwe nafasi?

#1 MjukuuWaMikindani

Salaam wakuu. Naleta swali ambalo limenigombanisha na fundi wangu kwa siku tatu sasa, na ningependa kusikia kutoka kwa watu waliowahi kushika kazi hii kwa mikono yao.

Ninayo Volkswagen Beetle ya mwaka 1967 aliyoniachia babu yangu, ambayo ilikaa chini ya mwembe hapa Mikindani kwa miaka 14 bila kutembea. Injini ilikubali kuwaka mwezi uliopita, nikahamia kwenye breki. Masta silinda (pampu kuu ya breki) ni mpya, shuu za mbele ni mpya, silinda za magurudumu nimezifungua na kuzitia raba mpya, na dramu zimekerezwa. Upande wa kulia nimeweka beringi mpya ya ndani na ya nje pamoja na sili, lakini upande wa kushoto beringi za zamani zilikuwa nzima, kwa hiyo tulizisafisha tu na kuzipaka grisi upya.

Jumamosi nilikwenda Mtwara mjini. Nilipofika, habu (kitovu cha gurudumu) ya kulia ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuishika kwa kiganja, ilhali ya kushoto ilikuwa ya uvuguvugu. Kitabu cha matengenezo kinasema beringi za mbele ziachiwe nafasi ya milimita 0.03 hadi 0.12. Fundi anasema gurudumu la mbele halitakiwi kucheza hata kidogo, kwa sababu linalocheza mwisho wake ni kung'oka barabarani, naye amezibana hivyo kwenye magari ya watu kwa miaka mingi bila lawama. Nimsikilize nani?

#2 Fundi_Chikongola

Pole, mkuu. Mimi nina gereji hapa Mtwara na Volkswagen za namna hiyo nimezifungua nyingi, ingawa siku hizi zinakuja mbili au tatu kwa mwaka.

Kwa maelezo yako, beringi zako zimebanwa kupita kiasi. Hizo ni beringi za roli zilizochongoka mfano wa pia ya kuchezea, na roli za namna hiyo zikisukumwa ndani ya kikombe chake bila nafasi yoyote huwa zinasaga badala ya kubingirika, grisi inayeyuka na kukimbia, kisha chuma kinabaki kikisuguana na chuma.

Namna ninavyofanya ni hii. Kwanza nalegeza shuu za breki mpaka dramu izunguke bila kugusa chochote, maana shuu zikiwa zinagusa utadhani beringi imebana kumbe ni breki, au utadhani gurudumu halichezi kumbe shuu ndizo zinalishikilia. Halafu nabana nati huku mkono mwingine unazungusha gurudumu, ili roli zikae mahali pake na grisi iliyozidi isukumwe nje. Nikishaona limekuwa zito kidogo, nairudisha nati nyuma taratibu. Nyuma ya nati ile kuna washa nene, nayo ndiyo inayonipa jibu: naisukuma kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya kidole tu, bila kupindua bisibisi wala kuiegemeza popote. Washa ikisogea kwa shida kidogo, hapo ndipo. Ikigoma, nati imebana, na ikiteleza ovyo, nati imelegea. Baada ya hapo nakaza skrubu ndogo inayoifunga nati, halafu napima tena, kwa sababu mara nyingi kuikaza skrubu hiyo kunaisogeza nati kidogo.

Fundi mwenzangu simlaumu. Alifundishwa kwenye magari mengine.

#3 LandroverYaNachingwea

Naomba kutofautiana na Fundi hapo juu, si kwa utaratibu wake bali kwa haraka ya kutoa hukumu. Mimi nina Landrover 109 ambayo imebeba korosho, mbao na wagonjwa, na madhara niliyoyaona kwa macho yangu yalitokana na beringi kulegea. Habu ya Landrover ina nati mbili zenye washa ya kufungia katikati, na spana yake ni ya milimita 52. Kijana aliyenifungia alizikaza nati zile mbili bila kuikunja washa vizuri, zikaanza kurudi nyuma polepole. Gurudumu likawa linayumba, sili ikaliwa upande mmoja, grisi ikamwagikia kwenye shuu, na siku niliyokanyaga breki karibu na Ndanda gari lilinivuta upande mmoja mpaka nikaingia kwenye majani. Ndiyo maana namwelewa fundi anayeogopa kuacha nafasi.

#4 MwalimuFizikia_Lindi

Hongera kwa kulifufua gari la babu. Kabla hatujaenda mbali, naomba tuielewe hiyo namba. Karatasi moja ya kawaida ya kuchapishia ina unene unaokaribia milimita 0.1. Nafasi anayoitaja mleta uzi ni kati ya theluthi moja ya unene huo na karatasi moja na kidogo. Kwa hiyo kinachoitwa nafasi hapa hakifanani kabisa na lile gurudumu la ndugu yangu wa Nachingwea lililokuwa likiyumba, na nadhani ugomvi kati ya mleta uzi na fundi wake unatokana na neno "kucheza" kubeba maana mbili.

Swali langu kwa mleta uzi ni kwamba joto lilikuwa wapi hasa? Je, lilikuwa katikati, penye kifuniko cha grisi, au lilikuwa pembeni, kwenye ukingo wa dramu ambako shuu zinagusa? Beringi ikibana, joto huanzia katikati. Breki ikigoma kuachia, huanzia pembeni.

#5 MsimbatiPwani

Mimi naona mnaliacha jambo kubwa, nalo ni hali ya hewa yetu. Kipimo hicho kiliandikwa Ujerumani kwenye baridi, lakini hapa Mtwara jua la saa nane linakipanua chuma, na nafasi ndogo namna hiyo inaliwa yote kabla hujawasha gari. Waliozibana wakati wa asubuhi wanajikuta wamebana mara mbili.

La pili ni grisi. Nilikuwa na pikapu iliyozoea kushuka ufukweni Msimbati, na mara moja maji ya chumvi yaliingia kwenye habu bila mimi kujua. Nilipofungua baada ya miezi miwili, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa ya mgando na roli zilikuwa na madoa ya kutu yaliyochimbika. Grisi aliyotumia mleta uzi ni ya aina gani, na je, waliitoa yote ya zamani au walipaka juu yake?

#6 MwalimuFizikia_Lindi

Kuhusu grisi nakubaliana nawe kabisa. Grisi zenye msingi tofauti zikichanganywa, mchanganyiko unaweza kulainika na kutiririka kama mafuta ya kula. Zile za zamani za kalsiamu huanza kuyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 100, wakati za lithiamu huvumilia hadi kukaribia nyuzi 180 au zaidi, kwa hiyo ile ya kupaka kwenye shasi si lazima ifae kwenye habu.

Lakini hilo la jua naomba nilisahihishe kwa hesabu. Chuma cha pua chenye urefu wa milimita 50, kikiongezewa joto la nyuzi 10, kinarefuka kwa takriban milimita 0.006. Zaidi ya hapo, stabu (ekseli fupi inayobeba gurudumu) na habu vyote vinapata joto lilelile la hewa na kutanuka karibu sawasawa, hivyo tofauti inayobaki ni ndogo mno. Tofauti ya asubuhi na mchana haiwezi kumaliza nafasi ya 0.03. Joto la breki ni habari nyingine, kwa sababu dramu inaweza kupanda nyuzi 100 na zaidi wakati stabu iliyo ndani bado haijapata moto, na hapo vipimo vinabadilika kwa kiasi kinachohesabika.

#7 BintiNdanda

Habari zenu. Nimekulia gereji kwa baba yangu na nina mambo mawili.

Kwanza, ndugu mleta uzi, shuu za gari lililolala miaka 14 zinaweza kuwa zilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo vumbi lililobaki ndani ya dramu na kwenye sahani ya nyuma usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha kitambaa kitupwe kikiwa kwenye mfuko uliofungwa. Baba alikohoa miaka mingi na hakuna aliyetuambia kuhusu vumbi hilo.

Pili, zile raba mpya za silinda mliziosha na kuzipaka nini? Nauliza kwa sababu gereji nyingi huosha silinda kwa petroli au mafuta ya taa na kupaka grisi ya kawaida ili pistoni iteleze. Raba za breki haziyawezi mafuta ya namna hiyo. Zinavimba, pistoni inakwenda mbele ukikanyaga lakini hairudi vizuri ukiachia, na shuu inabaki ikiisugua dramu njia nzima.

#8 MjukuuWaMikindani

Ahsanteni sana. Najibu kwa mpangilio.

Mwalimu, nilirudia safari jana jioni kwa makusudi. Joto lilikuwa kali kote, katikati na pembeni, ila nilipodondosha maji yalichemka haraka zaidi kwenye ukingo wa dramu kuliko kwenye kifuniko. Dada wa Ndanda, umenigusa, kwa sababu silinda tuliziosha kwa petroli na kuzikausha, halafu raba zilipakwa mafuta ya breki yenyewe. Sikumbuki kama petroli ilikuwa imekauka yote. MsimbatiPwani, grisi ni ya lithiamu. Upande wa kulia tulitoa ya zamani yote, lakini upande wa kushoto sina hakika.

Jambo jingine ambalo sikulisema mwanzo ni kwamba mipira ya breki ya mbele, ile inayopitisha mafuta ya breki kwenda magurudumuni, ni ileile ya zamani, kwa kuwa kwa nje haikuonyesha mpasuko. Na asubuhi gurudumu lilizunguka vizuri kabisa, kana kwamba hakuna lililotokea.

#9 MzeeWaNewala

Wanangu, hapo kwenye mipira ndipo penye shida. Mpira wa breki huharibika kuanzia ndani. Tabaka la ndani huvimba na kuziba njia, mguu wako unapokanyaga unasukuma mafuta yakapita kwa nguvu, lakini ukiachia yanakosa nguvu ya kurudi, yanarudi kwa kuchuruzika, na gari linatembea huku breki imeshika. Likilala usiku kucha mafuta yanakuwa yamekwisha rudi, asubuhi unaona gurudumu jepesi. Mimi niliuona mpira wa hivyo baada ya kushuka kutoka huku juu kwenda Masasi, nilipofika chini moshi ulikuwa unatoka gurudumu moja tu.

Fanya hivi. Nenda kilomita chache, simama mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, pandisha jeki na uweke gogo imara chini ya gari, wala usiiamini jeki peke yake. Zungusha gurudumu. Likiwa zito, fungua kidogo ile nipeli ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi papo hapo, basi kulikuwa na shinikizo lililonaswa, na beringi haina hatia. Likibaki zito, rudi kwa Fundi_Chikongola.

#10 DerevaKilwaMasoko

Mzee amesema vema, ila mimi ningeanzia kwenye masta silinda, kwa kuwa ni mpya. Kile kijiti cha kwenye pedali kinatakiwa kiachiwe nafasi ya milimita 1 kabla hakijaigusa pistoni. Kikikosa nafasi hiyo, kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa, na breki inajikaza yenyewe kadiri mafuta yanavyopata joto.

#11 BintiNdanda

Kaka wa Kilwa, hilo ni kweli na inafaa alipime, lakini masta silinda ikigoma kuachia mafuta lazima magurudumu yaliyo kwenye mkondo huo yote yapate moto. Yeye analalamikia gurudumu moja. Kosa lazima litafutwe kuanzia mpira wa kulia kwenda nje.

#12 CruiserYaMasasi

Naomba nimtetee fundi wa Mikindani, maana nadhani najua alikoutoa ujuzi wake. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 40, ambazo nati yake ni ya milimita 54, kitabu hakisemi uache nafasi. Kinataka beringi iwe na mbano kidogo, na mbano huo unapimwa kwa mizani ya kuning'iniza: unaifunga kwenye bolti ya gurudumu, unavuta, na unasoma ni uzito gani unaoanza kulizungusha. Fundi aliyezoea Toyota akiikuta Volkswagen ataona nafasi ya milimita 0.1 kuwa ni uzembe, na aliyezoea Volkswagen akiikuta Land Cruiser ataiacha imelegea. Roli ni za namna moja, lakini waliochora gari wameamua tofauti kwa sababu ya uzito, ukubwa wa habu na namna nati inavyofungwa. Hakuna kanuni moja ya magari yote.

Na huyo ndugu wa Landrover asitutishe na majani ya Ndanda. Angekuwa na Cruiser angekuwa amefika nyumbani mapema.

#13 LandroverYaNachingwea

Nimekusikia, mtani. Nachingwea tulianza kuona magari na matrekta yakiletwa kwa mamia tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, kwa hiyo watu wa kwetu wamerithi mikono ya kufungua habu kutoka kwa babu zao. Siku Cruiser yako ikikwama, tuma salamu.

Ila hoja yako ya mizani naikubali, na nimejifunza kitu leo.

#14 Fundi_Chikongola

Nimesoma yote, na hoja ya mpira ina uzito, lakini bado siiachi beringi. Mleta uzi alisema beringi mpya ziko upande wa kulia, na upande wa kulia ndio unaopata moto. Upande wa kushoto pia una mpira wa zamani, una raba zilizooshwa kwa petroli ileile, mbona ni wa uvuguvugu tu?

Ukitaka kujua, itoe dramu na ukague vikombe vya beringi. Kwenye Volkswagen hiyo habu na dramu ni kitu kimoja, kwa hiyo wakati wa kukereza mabaki ya chuma yanaweza kuingia penye kikao cha kikombe. Kikombe kikikaa juu ya chembe moja tu kinainama, na beringi inabana upande mmoja wa mzunguko na kulegea upande mwingine. Gonga kikombe kwa kipande cha shaba, pande zote kwa zamu, mpaka mlio ubadilike kutoka mlio mzito kuwa mkavu, hapo kimefika mwisho. Usitumie patasi. Tena usichanganye kikombe cha zamani na roli mpya, kwani vilivyozoeana vinaliwa pamoja. Ukiona rangi ya buluu kwenye roli, chuma kilikwisha ungua, usiirudishe.

Na kila beringi mpya hukaa vizuri zaidi baada ya kutembea, kwa hiyo inapaswa kupimwa tena baada ya kilomita mia chache.

#15 MwalimuFizikia_Lindi

Naongeza onyo moja kwa atakayefungua upande wa kushoto wa Beetle. Nati ya kushoto ina mzunguko wa kinyume. Ukiizungusha kama ulivyozoea utakuwa unaikaza, na nimeshuhudia mtu akiongezea bomba refu kwenye spana mpaka akaharibu meno ya stabu. Iliwekwa hivyo kwa sababu gurudumu la kushoto linapokwenda mbele huzunguka kuelekea upande ambao ungeilegeza nati ya kawaida. Vilevile, upande ambao waya wa spidomita unapita ndani ya stabu kuna kipini kidogo kwenye kifuniko, kitolewe kwanza kabla ya kugonga kifuniko.

#16 MjukuuWaMikindani

Wakuu, narudi na matokeo, na nasikitika kwamba hayajaumaliza ubishi.

Jana nilitembea kilomita 8 na kufanya kipimo cha Mzee. Gurudumu lilikuwa zito, nikafungua nipeli, mafuta yakaruka kidogo na gurudumu likawa jepesi, lakini halikuwa jepesi kama la kushoto. Leo nimetoa dramu. Chini ya kikombe cha ndani hapakuwa na chembe, ila kikombe cha nje nilipokigonga kwa shaba kilishuka kidogo, pengine unene wa unywele. Nilipofunga nilipima nafasi kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kama saa) niliyoazimwa na fundi mmoja wa bandarini, nikaacha 0.05. Nimetembea tena kilomita 8, na safari hii kiganja kinavumilia joto la habu, ingawa bado ni kali kuliko la kushoto.

Fundi wangu alikuwepo na ameikubali saa ile. Hata hivyo anasema joto limepungua kwa sababu ili kuitoa dramu tulilazimika kulegeza shuu, na tulipozirudisha hatukuzikaza kama mwanzo.

#17 Fundi_Chikongola

Hapo fundi wako amesema neno la maana. Mmebadilisha mambo matatu kwa mara moja: kikombe, nati na shuu. Mimi bado naamini ni kikombe. Kilikuwa hakijafika mwisho, gari lilipotembea kikatafuta mahali pake kwa kupinda.

#18 MzeeWaNewala

Kama ni kikombe, mbona gurudumu lilipungua uzito ulipofungua nipeli? Nipeli haina habari na beringi. Badilisha mipira, mjukuu wangu, hata kama Fundi ana haki kwenye nusu nyingine.

#19 BintiNdanda

Na ukiitoa mipira, fungua pia silinda ya kulia uzitazame raba. Zikiwa laini na zimenenepa, ujue ni ile petroli. Mafuta ya breki uliyonayo yamwage yote uweke mapya ya DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyohiyo, maana yanavuta unyevu wa hewa, na unyevu wa pwani yetu unaujua. Yakiwa makavu huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishavuta unyevu hushuka hadi 155.

#20 MjukuuWaMikindani

Nimeagiza mipira miwili na raba za akiba kutoka Dar es Salaam, zitakuja na basi la Ijumaa. Safari hii nitaanza na mpira wa kulia peke yake, nati na shuu sitazigusa, nitatembea kilomita 8 zilezile, halafu ndipo nifungue silinda. Saa ya kupimia nimeomba nibaki nayo mpaka Jumapili.